Mizani, deni na kasha: watu wanaogeuza maisha ya jirani zao

Jioni, muchimbaji anafika ku depo na gunia yake mu mugongo. Tangu asubui hajakula bukari. Mununuzi anaweka gunia ku mizani, anasema kilo. Kisha anakamata mawe kidogo, anaweka ku mashini, anasema teneur. Muchimbaji haoni namba vizuri, na hata akiziona, hana mashini yake ya kulinganisha. Pale pale mununuzi anafungua kaye na kusoma deni: unga uliyokamata juma lililopita, kamba na beche ulizopewa, feza ya dawa ya mutoto. Ile inabakia, anamuhesabia mu mukono. Muchimbaji anarudi nyumbani na ulizo moja mu kichwa: leo nimetumika juu ya nani?

Wasomaji wetu wengi wanajua ile ulizo. Wengine wanaijua tangu miaka makumi mbili. Na kila siku tunasikia majibu ni yale yale: serikali ifanye kitu, kampani ifanye kitu, wazungu walete projet. Hatusemi majibu hayo ni mabaya. Lakini leo tunataka kuandika juu ya watu walioingia njia ingine. Watu waliokuwa mbele ya mizani ya uongo, ao mbele ya deni lisiloisha, na hawakuishia ku kulalamika. Walitengeneza kitu.

Kwa Kifaransa mutu wa namna hiyo anaitwa entrepreneur social. Jina ni refu, lakini maana si nguvu. Mufanyabiashara wa kawaida anaona shida ya watu, anatafuta faida yake ndani. Mutu wa musaada anaona shida, anagawa vitu, na siku feza ikiisha anarudi kwao. Huyu wa tatu eko katikati. Anaanzisha kazi yenye kujilipia: inauza, ao inakopesha, ao inafundisha. Lakini faida ya kwanza anayohesabu ni kuona shida yenyewe inapunguka, na watu wenyewe wanashika usukani. Siku akienda, kazi inabakia.

Tutasimulia mambo ine: mizani, deni, kasha na mutoto. Matatu yalifanyika mbali, moja lilifanyika hapa kwetu Kolwezi. Mutaona kama yote yanatuhusu.

Mizani ya Rochdale

Mu mwaka 1844, huko kaskazini ya Uingereza, kulikuwa muji wa viwanda vya nguo unaoitwa Rochdale. Wafumaji walilipwa kidogo sana. Na ile kidogo, waliipeleka mu maduka ambamo unga ulikuwa unachanganywa na vitu vingine, na mizani haikusema kweli. Wengi walikuwa na deni ku duka, kwa hiyo hawakuweza kwenda kununua pengine. Wandugu, munaitambua ile hali?

Watu 28 wa muji ule wakapatana. Kila mumoja atatoa pauni moja. Hawakuwa nayo, ni kusema walikusanya polepole, penny mbili mbili kila juma. Tarehe 21 mwezi wa 12, mwaka 1844, walifungua duka ndogo mu njia inayoitwa Toad Lane. Ilikuwa na vitu vichache tu: siagi, sukari, unga, uji wa shayiri na mishumaa. Wenye maduka wakubwa waliwacheka.

Lakini duka ile ilikuwa na sheria zake. Unga ni unga, hakuna kuchanganya. Kilo ni kilo. Kila mwanamemba ana sauti moja, hata kama alitia feza nyingi kupita wengine. Faida inagawanywa kufwatana na namna kila mumoja alinunua ku duka. Wanawake wanaweza kuwa wanamemba. Na hakuna kukopesha: unalipa, unabeba. Ile sheria ya mwisho ilikuwa kali, lakini walijua vizuri: deni njo ilikuwa kamba iliyowafunga ku duka za zamani.

Duka ilikomaa. Zingine zikafwata mu miji mingine, kisha mu inchi zingine. Mu 1895, huko London, vyama vya cooperative vya inchi mbalimbali viliunda muungano wao wa dunia yote, na muungano ule ungali unatumika mupaka leo. Mu kanuni zake tunakuta bado alama ya wale watu 28: mutu mumoja, sauti moja.

Tutie akili ku jambo moja. Watu wa Rochdale hawakumupiga mwenye duka, wala hawakumubembeleza abadilike. Waliweka mizani yao pembeni ya mizani yake. Tangu siku ile, kila mutu aliweza kulinganisha.

Viti vya Jobra

Tuende Bangladesh. Mu mwaka 1974 inchi ile iliingia mu njaa kubwa. Muhammad Yunus alikuwa mwalimu wa uchumi ku université ya Chittagong. Alikuwa anafundisha wanafunzi mambo mazuri ya ku vitabu, na pa inje watu wanakufa njaa. Akaona haya. Akaanza kutembea mu kijiji cha Jobra, karibu na université, kuuliza watu namna wanaishi.

Mu 1976 alikuta mwanamuke anatengeneza viti vya bambu. Kazi yake ilikuwa ya muzuri, mikono yake ilikuwa na akili. Lakini faida yake kwa siku ilikuwa karibu senti mbili za dola. Sababu gani? Hakuwa na feza ya kununua bambu. Bambu alizikopa kwa mufanyabiashara, na sharti ilikuwa hii: viti vyote unaniuzia mimi, na bei nasema mimi.

Tunaomba musomaji asome tena ile sharti. Weka beche pa nafasi ya bambu, weka mawe pa nafasi ya viti. Yule anayekupa chakula na kamba mbele hujaingia mu shimo, njo yeye anasema bei siku unatoka. Mikono yako haina kosa, na mawe yako hayana kosa. Shida inaanzia asubui, pale ulikamata unga wake.

Yunus na mwanafunzi mumoja waliandika majina ya watu wote wa Jobra waliofungwa vile. Walikuwa 42. Walihesabu feza waliyohitaji wote pamoja kusudi wawe huru: takriban dola 27. Dola 27 kwa watu 42! Akatoa feza yake mwenyewe, akawakopesha bila sharti ya kuuza kwa fulani. Walirudisha.

Alienda kwa mabanki kuwaomba waendeleshe ile kazi. Wakamujibu: masikini hawana kitu cha kuweka rehani. Ni vile alianza yeye mwenyewe kupanga watu mu vikundi vya watano watano. Mu kikundi, jirani anajua jirani: anajua nani anatumika, nani anakunywa feza. Mu 1983 ile kazi iligeuka banki ya kweli, Grameen Bank, ni kusema banki ya kijiji. Karibu wakopaji wote ni wanawake. Mu 2006 Yunus na banki ile walipewa pamoja Prix Nobel ya amani.

Hapa kwetu tunajua jina la ndugu mubaya wa mukopo huo. Tunamuita banque Lambert. Tufanye hesabu ya mufano. Mama anakopa franka 100,000 juu mutoto ako ku lopitali. Kama Lambert anaomba nusu juu, kisha mwezi anarudisha 150,000. Akikosa, ile nusu inaongezeka tena. Kisha miezi tatu, deni inakuwa imekula mushahara wa baba, gunia za baba, na nguo za mama za siku ya mungu. Hakuna mutu alimupiga. Ni hesabu tu njo ilimupiga.

Kasha la Maradi

Sasa tunafika ku jambo linalotuuma sisi wenyewe. Miaka imepita, sisi wa ukurasa huu tulikuwa na likelemba ya watu kumi na wawili. Kila mwezi kila mumoja anatoa, na mumoja anakamata yote. Mambo ilitembea vizuri miezi munane. Mu mwezi wa kenda, mwenye kukusanya akahama na feza ya mwezi ule. Wane kati yetu walikuwa hawajapata zamu, na kila mumoja wao alikuwa amekwisha kutoa mara kenda. Wale wanane waliokwisha kukula hawakutaka kuendelea. Mumoja wa wale wane alikuwa anangojea ile feza kusudi alipe minerval ya watoto. Walifukuzwa ku masomo. Mupaka leo hatupendi kuizungumuza.

Kosa lilikuwa wapi? Si likelemba yenyewe, juu ni jambo la zamani na la muzuri. Wajirani wetu wa Zambia, mu miji yao ya shaba, wanaiita chilimba, na wamama mu Kongo yote wana moziki yao. Kosa letu lilikuwa hii: feza yote ilikaa mu mukono moja, na hakuna kitu kilichoandikwa mbele ya wote.

Mu mwaka 1991, wanawake wa inchi ya Niger, mu jimbo la Maradi, walipata dawa ya ugonjwa ule. Maradi ni inchi ya joto na muchanga, mvua ni kidogo. Wanaume wengi wanaenda kutafuta kazi mbali. Wanawake walikuwa na desturi yao ya kukusanya feza sawa likelemba. Shirika CARE, pamoja na mwanamuke mumoja wa kazi pale, Moira Eken, hawakuleta feza. Walikamata ile desturi, wakaitengeneza pale ilikuwa na tundu. Vikundi vile viliitwa kwa Kihausa Mata Masu Dubara, ni kusema wanawake wenye akili ya kujipangia.

Namna kinatembea, tuieleze vizuri, juu mutu anaweza kuanza nayo juma lijalo.

Watu kumi na watano mupaka makumi mbili na watano wanajichagua wenyewe. Hakuna mutu wa inje anawapangia. Wanachagua mukubwa wa kikundi, muandishi, mwenye kulinda kasha, na wawili wa kuhesabu feza. Kila juma wanakutana saa ile ile, fasi ile ile. Kila mumoja ananunua sehemu, moja mupaka tano, kufwatana na nguvu yake. Bei ya sehemu wameisema wote siku ya kwanza. Mu kitabu chake kidogo wanapiga muhuri kwa kila sehemu: hata mutu asiyejua kusoma anaweza kuhesabu mihuri yake.

Feza inaingia mu kasha la chuma. Kasha lina kufuli tatu. Funguo tatu ziko mu mikono ya watu watatu, na yule anayelinda kasha ku nyumba yake hana hata ufunguo moja. Kasha linafunguliwa paka mbele ya wote. Mu kila mukutano wanahesabu kwa sauti, na mbele ya kufunga, wote wanakariri ni feza ngapi inabakia ndani. Juma linalofwata wanaanza kwa kuuliza: tuliacha ngapi? Kama namba haifanane, wanaijua siku ile ile, si kisha miezi kenda.

Ile feza wanakopeshana wao wenyewe. Anayekopa anarudisha na faida kidogo, na ile faida inaingia mu kasha la wote. Pembeni kuko mufuko mudogo wa magonjwa na kilio. Kisha miezi kenda ao mwaka moja, wanagawanya yote kufwatana na sehemu za kila mumoja, kisha wanaanza upya. Mutu asiyependa tena anatoka na feza yake.

Tufanye hesabu ingine ya mufano. Wamama makumi mbili, kila mumoja anaweka franka 5,000 kwa juma. Juma moja ni 100,000. Juma makumi ine ni franka 4,000,000. Kila mama ana 200,000 yake mwenyewe, bila kuhesabu faida. Sasa, siku mutoto akigonjwa, mama anakopa 100,000 mu kasha kwa faida ya 5 kwa 100. Kisha mwezi anarudisha 105,000. Lambert angekula 50,000 yake. Hapa ile 5,000 inarudi kwa wamama makumi mbili, na yeye ni mumoja wao.

Kasha hili limeenea mu inchi nyingi za Afrika. Mu Kongo tunaliita AVEC, na wengine, zaidi ku Kivu, wanajua MUSO na kasha zake za rangi: ya kijani kwa mikopo, nyekundu kwa magumu ya gafula. Majina yanabadilika. Akili ni moja: hakuna mutu ambaye peke yake anaweza kufungua.

Mutoto wa Kolwezi

Sasa tufike nyumbani. Mu mwaka 2012, Masista wa Bon Pasteur walianza kazi yao Kolwezi. Aliyewaongoza ni sista wa Kenya, Catherine Mutindi. Alikuta kile sisi wote tunakijua: watoto wanaookota na kuosha mawe badala ya kwenda ku masomo, wamama wanaosimama mu maji muchana kutwa, mugongo umepinda.

Angaliweza kufungua masomo na kungojea watoto waingie. Lakini mutoto anayeosha mawe analeta feza ku nyumba. Ukimutoa ku mawe na hauna kitu cha kuweka pa nafasi ya ile feza, atarudi ku mawe juma linalofwata, na mama yake njo atamurudisha, si juu ni mama mubaya, lakini juu watoto wengine wanapaswa kukula. Kwa hiyo kazi ilikwenda pa miguu mingi kwa mara moja. Masomo ya kuwasaidia watoto waliochelewa wafikie wenzao. Mafundisho ya kushona na ya kazi zingine kwa wamama na vijana wanawake. Mashamba, kusudi chakula na feza vitoke mu udongo wa juu, si wa chini tu. Na mazungumuzo mu quartier juu ya haki za watu. Mu 2019 Sista Mutindi alipewa Opus Prize, zawadi ya dola milioni moja ya kuendelesha kazi kama ile.

Tunaona hapa alama ya pili ya mutu anayegeuza jamii kweli. Anauliza: shida hii inasimama pa nini? Kisha anashika kile inasimama pa juu yake. Ukitaka mutoto atoke mu shimo, angalia sahani ya mama yake.

Pale kazi ya muzuri inaharibika

Hatutaki kuwauzia wasomaji ndoto. Mambo haya yanaweza kuharibika, na yameharibika.

Mikopo midogo ya Yunus ilipoonekana inalipa, wafanyabiashara wengine walikuja wakaigeuza biashara ya haraka. Mu jimbo la Andhra Pradesh, inchi ya India, kampani nyingi zilikopesha wanawake wale wale. Mama anakopa kwa moja kusudi alipe ingine. Wakusanya deni walikuwa wanakuja mupaka ku mulango. Mu 2010 kulisikiwa habari za watu waliojiua juu ya deni, na serikali ya jimbo ikaleta sheria kali ya kusimamisha ile mambo. Jina lilikuwa bado muzuri, mukopo wa masikini, lakini ndani roho ilikuwa imekwisha kutoka. Mukopo haumupe mutu uhuru kama hauna kazi ya kuulipa. Unabadilisha tu jina la bwana wake.

Hatari ya pili ni ya kwetu. Wazee wanakumbuka wakati kampani ilikuwa baba na mama: unga kila mwezi, masomo, lopitali, hata michezo ya watoto. Union Minière ilianza vile, Gécamines ikaendelea. Kisha nguvu ikaisha. Mu 2003 watu zaidi ya 10,000 walitoka mu Gécamines mu ile mupango iliyoitwa « départ volontaire », na nyumba nyingi zilijikuta hazijui hata namna ya kununua gunia la unga. Kile unapewa na mukono moja, siku ule mukono ukirudi nyuma, kinarudi nao. Kama projet inakuja mu quartier na watu wanapanga foleni tu kungojea kupewa, ile si mageuzi. Ni Gécamines ndogo, na itafunga mapema kupita ile kubwa.

Hatari ya tatu: kuwasamehe wakubwa. Wamama wakitengeneza kasha lao, tusisikie mutu anasema: sasa munajisaidia, hakuna lazima ya kampani kulipa. Sheria ya migodi iliyogeuzwa tarehe 9 mwezi wa 3, mwaka 2018, inasema wazi. Kampani inapaswa kuweka pembeni angalau 0.3 kwa 100 ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wa pale inachimba. Na mu redevance minière, sehemu ya 15 kwa 100 ni ya chefferie, secteur, commune ao muji wa pale. Kasha la wamama haliondoe ile deni ya wakubwa. Kinyume, watu wanaojua kuhesabu kasha lao kila juma njo wanaweza kwenda ku commune na kuuliza: na kasha lile ingine, linabakia ngapi?

Cooperative yenu ni ya nani?

Sheria ile ile ya 2018 inaomba muchimbaji wa mikono awe mu cooperative. Ni kusema kila muchimbaji anayesoma hapa eko, ao anapaswa kuwa, ndani ya chombo kile kile watu wa Rochdale walitengeneza mu 1844. Lakini kuko cooperative na cooperative. Kuko ile ya wachimbaji, na kuko ile ya mukubwa mumoja, ambamo wachimbaji ni majina tu mu karatasi.

Namna ya kujua tofauti, sheria inatusaidia. Tangu 2012 Kongo iko mu OHADA, na sheria ya OHADA juu ya cooperative inatumika kwetu. Inasema watu watano wanatosha kuanza cooperative rahisi, na kumi na watano kwa ile yenye baraza la viongozi. Inasema pia kanuni tunayoijua: kila mwanamemba ana sauti moja. Kama mukubwa ametia feza mara mia kupita wewe, ku mukutano sauti yake ni moja, na yako ni moja.

Basi tunaomba kila muchimbaji, na bibi yake, waulize maulizo haya kwa upole lakini bila woga:

Mukutano wa wote ulifanyika lini? Nani alichagua mukubwa wa cooperative, na wakati wake unaisha lini?

Feza inayokatwa ku kila gunia inaingia wapi? Kuko kitabu, na mwanamemba anaweza kukiangalia?

Mizani ya cooperative iko wapi? Na mashini ya teneur? Kama cooperative haina hata mizani, inatusaidia nini siku ya kuuza?

Faida ya mwaka jana ilipelekwa wapi?

Wanawake wanaoosha na wanaochagua mawe, wako wanamemba ao wako watazamaji?

Na kwa kila mutu anayekuja mu quartier na projet, hata kama anakuja na maneno matamu na kofia ya shirika, ongezeni ulizo moja: siku wewe utaenda, nani atashika ufunguo?

Kuanza na kidogo

Wengine watasema: ninyi munaandika juu ya watu wakubwa, wenye Prix Nobel na dola milioni. Lakini turudi ku hesabu. Rochdale ilianza na penny mbili. Jobra ilianza na dola 27. Maradi ilianza na feza ya wanawake wenyewe, na kasha la chuma. Kile kilikuwa kikubwa kwao, ni kwamba walikubali kuhesabu mbele ya wote, na walikubali kwamba aliye juu anaweza kuulizwa.

Ile njo inatupigia nguvu, tuseme kweli. Mu likelemba yetu hatukukosa feza. Tulikosa ujasiri wa kumuambia mutu tunayemuheshimu: baba, tuhesabu. Tuliona ni kama kumutukana. Wamama wa Maradi wanatufundisha kwamba kuhesabu pamoja si kutukanana. Ni kulindana. Hata mutu wa kweli anapumzika vizuri zaidi kama ufunguo haukai kwake peke yake.

Kidole kimoja hakivunji chawa, wazee walisema. Watu kumi wa shimo moja wanaweza kununua mizani yao. Haitabadilisha bei ya cobalt mu dunia, na haitamaliza kila wizi wa ku depo. Lakini mutapima gunia zenu nyumbani mbele ya kutoka, mutaandika namba mu kaye, na jioni mutafika kwa mununuzi na kaye ile mu mukono. Atasema kilo yake. Na ninyi mutasema yenu.